Kuchagua Wanne wa Kijiti



Nimetakiwa niseme juu ya mbio za kupokezana kijiti, watu wanne, kila mmoja mita 100. Wengi hudhani kazi ya mchaguzi ni nyepesi: atazame saa, awatwae wanne wenye kasi kupita wote. Mimi nakataa, na ushahidi wangu ni Olimpiki ya Athens, mwaka 2004.

Marekani ilimleta Justin Gatlin, bingwa wa mita 100. Shawn Crawford, bingwa wa mita 200. Maurice Greene, aliyepata shaba katika mita 100. Na Coby Miller. Waingereza wanne, hata mmoja wao hakufika fainali ya mita 100. Lakini Gatlin alipompa Miller kijiti, mikono ilibabaika, mwendo ukapotea. Greene alifukuza mpaka utepeni, asipate. Uingereza sekunde 38.07, Marekani 38.08!

Tena Rio, mwaka 2016, Wajapani walitwaa fedha kwa sekunde 37.60, wala hapakuwa na mmoja wao aliyekwisha kupata muda halali wa mita 100 chini ya sekunde 10. Hao hukipokeza kijiti kwa kukipandisha toka chini, ili mpokeaji asiharibu mwendo wake.

Basi neno gumu ni kumwacha mwenye kasi asiyefanya mazoezi na wenziwe. Atanung'unika (nami ningenung'unika), na magazeti yatamsaidia. Lakini mpokeaji huanza kukimbia kabla kijiti hakijamfikia, tena haangalii nyuma. Asiyeujua mwendo wa mwenziwe ataondokaje kwa wakati wake?