Hotuba ya Mgeni Rasmi, Siku ya Usikivu Duniani: Kupima Masikio ya Watoto Wachanga Karagwe na Kyerwa

Mtoto anayezaliwa kiziwi haonyeshi dalili. Ananyonya, analia na kutabasamu kama wenzake, na mara nyingi familia hushtuka anapofikisha miaka miwili bila kutamka neno. Kugonga sufuria nyuma yake hakuthibitishi kitu, maana anaweza kugeuka kwa kuona kivuli tu.

Kipimo kisichotegemea mtoto ageuke kipo. Mwaka 1978, David Kemp wa London aligundua kwamba sikio la ndani lililo zima, likipokea sauti, hujibu kwa sauti yake lenyewe, hafifu mno. Ncha laini yenye spika na maikrofoni huwekwa sikioni mtoto akiwa amelala, na jibu hupatikana kwa dakika chache. Kikwazo ni bei. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walitengeneza kifaa cha takriban dola 10 kwa hedifoni ndogo za kawaida na simu janja. Katika masikio 201 waliyopima, hakikukosa hata moja lenye tatizo, na kiliyatambua masikio mazima kwa asilimia 88.9, karibu sawa na mashine ya dola 8,000.

Hiyo asilimia 88.9, ndugu wananchi, ndiyo yenye gharama iliyojificha. Katika kila masikio mazima 100, takriban 11 yatatiliwa shaka bure. Kutoka Kayanga, Karagwe, hadi hospitali ya rufaa Bukoba ni zaidi ya kilomita 100, na anayetoka Murongo, Kyerwa, mpakani husafiri mbali zaidi. Hata kifaa kiwe rahisi kiasi gani, rufaa zisizo za lazima humaliza akiba yote kwenye nauli za akina mama.

Kwa hiyo unafuu wa kweli unatafutwa kwenye kliniki ya chanjo. Huko Lagos, Nigeria, Dkt. Bolajoko Olusanya alishaonyesha kwamba kliniki hizo huwafikia hata watoto waliozaliwa nyumbani. Mtoto anapokuja chanjo ya wiki ya 6, uchafu na majimaji ya uzazi yanayovuruga kipimo siku za mwanzo huwa yameshatoka sikioni. Mtoto asiyefaulu arudiwe palepale, kisha apimwe tena anapokuja chanjo ya wiki ya 10. Akishindwa tena, ndipo aandikiwe rufaa.

Mambo madogo ndiyo yanayoharibu au kuokoa kazi hii. Mtoto apimwe kabla ya sindano, kwa sababu akishalia hakuna kipimo tena siku hiyo. Amalize kunyonya, asinzie mapajani mwa mama, katika chumba kilicho mbali na foleni ya mizani. Muuguzi akague ncha kama imeziba nta, aisafishe, na aandike jibu la kila sikio kwenye kadi ya mtoto.

Watoto waliopata umanjano mkali wanahitaji uangalifu wa pekee: sikio la ndani linaweza kujibu vizuri ilhali neva haipeleki sauti kwenye ubongo. Hao wapimwe neva kwa vibandiko vya kichwani, hata kama kipimo cha kwanza kimepita.

Mtoto aliyethibitishwa hasikii anapaswa kuanza kusaidiwa kabla ya miezi 6. Wengi hufaa kuvalishwa vifaa vya kusikia, na wachache hupandikizwa kifaa sikioni, upasuaji unaofanyika Muhimbili tangu 2017. Lugha ya alama ianze nyumbani mara moja, na wazazi wafundishwe pamoja na mtoto.