Daftari la Dukani na Daftari la Jikoni

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana baada ya Tarawehe)



Wazee wetu, ndugu zangu na dada zangu. Usiku huu sitazungumzia israfu. Hiyo tumeisikia sana tangu Shaabani. Nataka tuzungumze jambo dogo zaidi: kujua nyumbani kumebaki nini, na kukinunua kabla hakijaisha.

Nianze na swali. Mwenye duka la mtaani kwenu ana daftari, si ndiyo? Humo mumeandikwa: sukari robo, mafuta ya kupima, kiberiti. Yeye anajua nyumba yenu inatumia nini kuliko nyinyi wenyewe. Je, jikoni kwenu kuna daftari? Hakuna. Hesabu yote iko kichwani mwa mama. Na mama huyo amefunga kama sisi. Kaimati zimeshaiva, bado kidogo adhana ya Magharibi, ndipo inaonekana sukari ya shira hakuna. Mtoto anatumwa mbio, anavuka barabara saa ambayo kila matatu na bodaboda inakimbilia futari. Sisi vijana tuko barazani tunauliza, "Bado tu?"

Tena kuna hasara ya pesa. Tuseme kilo ya sukari ni shilingi 160, na robo inauzwa shilingi 45. Ukinunua robo mara nne umelipa 180. Shilingi 20 zimepotea, na hukupata hata kijiko cha ziada. Najua wako wasioweza kununua kilo kwa mara moja, na hao hatuwalaumu. Lakini wengi wetu tunanunua robo kwa sababu tumeshtukia mkebe mtupu.

Dini haikutuacha gizani. Kisa cha Nabii Yusuf (a.s.) tumekisoma madrasa tangu utotoni: miaka saba ya mavuno, nafaka ikaachwa katika masuke yake isipokuwa kidogo cha kula, ikaja kufaa katika miaka saba ya shida. Na imepokewa katika Sahihi Bukhari kuwa Mtume (s.a.w.) aliwawekea ahli zake chakula cha mwaka. Kwa hivyo kuweka akiba si kukosa tawakkul.

Sasa tufanyeje? Hesabu ni nyepesi. Tuseme nyumba inatumia robo kilo ya sukari kwa siku, na sokoni mnaenda Jumamosi tu. Jumamosi asubuhi kuna kilo moja mkebeni. Mtu atasema, "Ah, bado ipo." Kweli ipo, lakini itaisha Jumanne. Jumatano, Alkhamisi na Ijumaa mtakopa. Wiki nzima inataka kilo moja na robo tatu. Ongeza nusu kilo ya wageni, kwani Ramadhani haikosi mgeni. Basi hiyo Jumamosi nunueni kilo moja na robo. Yaani usiulize "imeisha?" Uliza "itafika siku ya soko?"

Gesi nayo haionekani, lakini inapimika. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe. Weka mtungi kwenye mizani, toa uzito huo, kinachobaki ndiyo gesi. Na kwa mchele na unga, kilichotangulia kuingia kitangulie kutoka. Joto letu hili la pwani, ukiweka kipya juu ya cha zamani, cha chini utakikuta kina wadudu.

Jambo jingine, tusichanganye akiba na kuhodhi. Mwaka 2017 unga wa mahindi uliadimika hapa Kenya, mpaka serikali ikatoa ruzuku na pakiti ya kilo 2 ikauzwa shilingi 90. Watu waliutafuta duka kwa duka. Wakati kama huo, anayerundika pakiti chumbani akingojea bei ipande anamnyima jirani, na dini imekataza hilo. Pakiti moja ya ziada kwa familia yako ni akiba.

Na si chakula peke yake. Maji mna mitungi mingapi iliyojaa? Sabuni je? Na lililo kubwa zaidi: dawa za nyanya, za presha au za kisukari. Chumvi ikikosekana, jirani atakupa. Dawa ya nyanya, jirani hana, na duka la mtaani halina. Akikosa siku mbili tatu anaweza kulazwa. Hesabuni vidonge vilivyobaki, na vikibaki vya wiki moja, mtu atoke akatafute vingine. Msingoje pilikapilika za Idi.

Basi ndugu zangu, ombi langu ni hili. Chukueni karatasi, muibandike kwenye mlango wa jikoni na kalamu ifungwe kwa uzi. Andikeni vitu kumi tu. Atakayefungua pakiti ya mwisho, awe baba au mtoto, ndiye atakayeandika. Na kila Ijumaa jioni kijana wa kiume aipitie karatasi hiyo, asimwachie mama. Wengi wetu karibuni tutakuwa na nyumba zetu, na huko hatutaulizwa digrii, tutaulizwa unga.

Mwenye duka abaki na daftari lake, ila jina letu lipungue humo.