Kioo Chenye Vumbi: Kuupiga Picha Mwezi ili Kuiona Dunia

Mama yangu ameketi safu ya mbele, na ameshaniuliza mara mbili tutamaliza saa ngapi. Shikamoo, mama. Tutamaliza kabla mwezi haujazama.

Miaka michache iliyopita niliandika ombi la fedha. Nilitaka kamera moja, darubini ndogo, na kibanda cha kuvikinga na chumvi ya bahari, ili tuwe tunaupiga picha Mwezi kutoka hapa pwani kila unapoandama na kila unapokaribia kufa. Ombi lilirudi. Mmoja wa waliolisoma, ambaye sikupewa jina lake wala sikulitafuta, alikuwa ameandika pembeni: kwa nini umtazame mtu kwenye kioo chenye vumbi ilhali amekaa mbele yako? Alikuwa na maana kwamba Dunia inatazamwa tayari na setilaiti, usiku na mchana, na kwamba anayetafuta mwanga wa Dunia usoni mwa Mwezi anacheza. Nimeishi na sentensi hiyo kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa changu kooni. Leo nimepewa ukumbi na saa nzima, na milango naona imefungwa.

Kwa wasio wa fani, nipite haraka. Jua likiipiga Dunia, sehemu ya mwanga hunyonywa na sehemu hurudishwa angani. Tukigawanya mwanga wa Jua kwa Dunia nzima, mchana na usiku, kila mita ya mraba inapata wastani wa wati 340, na kati ya hizo karibu 100 zinarudi zilikotoka. Huo ndio uakisi wa Dunia, kiasi cha asilimia 29 au 30. Baadhi ya mwanga unaorudi huupiga Mwezi, Mwezi nao huturudishia kidogo. Ndiyo sababu jioni za mwezi mchanga, juu ya ule ukucha unaong'aa, tunaiona duara nzima iliyobaki, hafifu, ya kijivujivu. Mwanga huo umetoka kwenye Jua, umetumia dakika 8 kufika kwetu, umetugusa, umekwenda Mwezini kwa sekunde moja na kitu, kisha umerudi machoni mwetu.

Nilipokuwa mtoto niliiona duara hiyo usiku wa Idi pili, nikiwa nimekaa na babu kwenye kingo za jahazi lililopandishwa mchangani. Nikamwambia mwezi mzima uko pale pale, umevaa nguo nyeusi. Babu akasema ni kivuli cha mwezi wa jana. Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza husema ni kivuli cha Dunia. Naona babu alikuwa karibu zaidi na ukweli, angalau yeye hakudai kuwa amesoma.

Leonardo da Vinci alilieleza jambo hili mwanzoni mwa karne ya 16, katika daftari ambalo leo linaitwa Codex Leicester. Alipatia kwamba mwanga ule ni wa Dunia. Alikosea aliposema unatoka baharini. Bahari ikitazamwa kutoka juu ni nyeusi, hurudisha kiasi cha asilimia 6 tu ya mwanga. Kinachong'aa ni mawingu. Michael Mästlin, mwalimu wa Kepler, naye alitambua kwamba mwanga ule ni wa Dunia, na Galileo akaliandika jambo hilo mwaka 1610. Inatosha, haya yamo katika vitabu vyote.

Sasa nirudi kwa bwana wa kioo, au bibi, sijui.

Hoja yake ina nguvu pale inapotaja setilaiti ya Terra, iliyorushwa Desemba 1999 ikiwa na vifaa vya CERES, na Aqua iliyofuata 2002. Vifaa hivyo ndivyo vimetupa rekodi ndefu na nzuri kuliko zote za mwanga unaoondoka duniani. Lakini tuangalie setilaiti inavyotazama. Terra imezunguka kwa kimo cha kilomita 705 hivi. Kwa kimo hicho haioni Dunia. Inaona ukanda, kisha ukanda mwingine, kama fundi anayepaka rangi ukuta kwa brashi ya inchi mbili. Kwa muda mwingi wa maisha yake imekuwa ikivuka ikweta karibu saa nne na nusu asubuhi kwa saa za mahali ilipo, na Aqua saa saba na nusu mchana. Anayeishi Lushoto au Kericho anajua mawingu ya saa nne asubuhi si mawingu ya saa kumi jioni. Wenzetu wa CERES wanalijua hilo vizuri na wanaziba pengo kwa setilaiti zinazosimama mahali pamoja juu ya ikweta. Mimi siwalaumu. Ila mtu aliyeungwa kwa vipande, vilivyopigwa saa mbalimbali na kamera mbalimbali, huyo si mtu aliyekaa mbele yangu. Ni picha ya pasipoti iliyogandishwa kwa gundi.

Mtaniambia ipo DSCOVR, iliyorushwa 2015, inayoona uso wote wa Dunia wenye mchana kutoka kilomita milioni 1.5. Ipo, na picha zake nimezibandika mlangoni kwangu. Lakini imekaa karibu na mstari wa kutoka kwetu kwenda kwenye Jua, hivyo huona karibu mwanga unaorudi ulikotoka peke yake. Mwanga unaotoka ubavuni haiuoni. Mwezi huuona, kwa sababu Mwezi hutembea, na pembe inabadilika kila siku.

Halafu kuna uzee. Kila kifaa angani kinapigwa na miali ya Jua, na lenzi na vioo hubadilika polepole. Vifaa vya CERES vinabeba taa za kujipima, lakini usahihi wake kwa mwanga wa Jua unaoakisiwa uko kwenye kiwango cha asilimia 1. Asilimia 1 ya wati 100 ni wati 1. Ukizingatia kwamba ongezeko lote la kaboni dioksidi tangu karne ya 18 linakadiriwa kuiongezea Dunia takriban wati 2 kwa mita ya mraba, mtaona wati 1 si chenji ya kuachia kondakta.

Na Mwezi? Hauna hewa, hauna mvua, haufanyiwi matengenezo. Vumbi lake, ambalo mkosoaji wangu alilitaja kwa dharau, ni jeusi kama lami iliyochakaa, linarudisha kiasi cha asilimia 12 ya mwanga, na lilikuwa hivyo hivyo babu alipokuwa mtoto. Kioo kisichobadilika, hata kikiwa kichafu, kinafaa kuliko kioo safi kinachofifia kila mwaka bila kukuambia kimefifia kiasi gani.

Naomba sasa ruhusa ya kumzungumzia mwanaastronomia André Danjon zaidi kuliko ratiba inavyoruhusu. Danjon alikuwa Strasbourg, na kuanzia katikati ya miaka ya 1920 aliupima mwanga huu kwa kifaa ambacho mimi nakiona kizuri kuliko chochote kilichowahi kuelekezwa Mwezini. Ndani ya darubini kulikuwa na prizimu iliyotoa taswira mbili za Mwezi mmoja, bega kwa bega. Taswira moja ilipitia tundu aliloweza kulibana na kulifungua, kama mboni ya paka inavyofanya mlango ukifunguliwa. Kikaitwa fotometa ya jicho la paka. Danjon alizisogeza taswira mpaka kipande cha hilali inayong'aa kikakaa kando ya kipande cha upande wa giza. Kisha akabana tundu, taratibu, hilali ikififia na kufifia, mpaka vipande viwili vikalingana na jicho likashindwa kuvitenganisha. Akasoma kipimo, akaandika. Hakuhitaji kujua Jua liling'aa kiasi gani siku ile. Hakuhitaji kujua anga la Strasbourg lilikuwa na ukungu kiasi gani, kwa kuwa ukungu uleule ulipunguza pande zote mbili. Alihitaji uwiano tu.

Danjon alikosea namba. Aliukadiria uakisi wa Mwezi chini ya ukweli, na kwa hiyo akaipa Dunia uakisi wa karibu 0.39, ambao leo tunajua umezidi. Lakini alikosea mahali panaporekebishika. Vipimo vyake vimebaki, na waliokuja baadaye waliposahihisha uakisi wa Mwezi walijua kosa limetoka wapi.

Ndugu zangu wa pwani mnamjua Danjon bila kujijua. Ni yeye aliyeonyesha, katika miaka ya 1930, kwamba Mwezi ukiwa karibu na Jua kwa chini ya nyuzi 7 hivi hilali haionekani kabisa, hata kwa jicho kali namna gani. Kila mwaka tunapobishana kama mwezi umeandama au haujaandama, namba yake imo ndani ya mabishano.

Nimesema uwiano unafuta makosa. Unafuta mengi, haufuti yote, na hapa lazima niungame mbele ya mama. Upande wa giza ni hafifu kuliko hilali kwa kiasi cha mara 10,000. Shata ikifunguka kwa sehemu ya 60 ya sekunde unapata hilali peke yake. Ukitaka upande wa giza uiache wazi sekunde kadhaa, na hilali inaungua ikawa doa jeupe. Mwanga wa doa hilo hutawanyika hewani na ndani ya lenzi, ukamwagika juu ya giza unalotaka kulipima. Baada ya ombi langu kurudi nilianza mwenyewe, juu ya paa, na lenzi ya kuazima. Kwa miezi minne Dunia yangu ilizidi kung'aa. Nilianza kuandika makala. Kichwa nilikuwa nacho tayari. Jioni moja nilimulika lenzi kwa tochi, kutoka ubavuni, nikaona alama ya kidole gumba, kamili, na mistari yake yote. Mafuta ya mandazi. Kidole kilikuwa changu.

Lakini kosa lile lilikuwa limejitangaza kwenye picha tangu siku ya kwanza. Nje ya duara ya Mwezi, mahali palipopaswa kuwa anga jeusi, palikuwa na ukungu wa mwanga uliopungua kadiri unavyoiacha hilali. Ndivyo walivyofanya wapimaji wa mwanga huu katika kituo cha Big Bear, California: waliupima ukungu huo angani, wakaufuata mpaka ndani ya duara, wakautoa. Mimi sikuupima kwa sababu nilipenda jibu nililolipata.

Tuwe waadilifu pia kwa upande wa pili. Mwaka 2004 Enric Pallé, Philip Goode na wenzao wa Big Bear walichapisha kwamba uakisi ulikuwa umeshuka hadi mwaka 2000, kisha ukapanda. Mwaka 2005 Bruce Wielicki na wenzake, kwa data ya CERES, wakasema hapana, miaka hiyo umeshuka kidogo. Kwenye hilo setilaiti zilikuwa na haki kuliko Mwezi, na mkosoaji wangu angenitajia angekuwa ameshinda raundi hiyo. Hakunitajia. Nami sikumkumbusha.

Mwaka 2021 Goode na wenzake walitoa rekodi nzima, kutoka 1998 mpaka 2017. Uakisi umeshuka, kiasi cha nusu wati kwa mita ya mraba katika miongo miwili, na sehemu kubwa ya mshuko iko katika miaka ya mwisho. CERES nayo inaonyesha kushuka, tena kwa zaidi, na inaonyesha pa kutazama: mawingu ya chini mashariki mwa Pasifiki yamepungua, bahari nyeusi imebaki wazi. Mashahidi wawili wasiofahamiana wakisema jambo moja, hakimu huandika. Angekuwepo mmoja tu, hata awe mzuri vipi, wakili angeuliza kuhusu macho yake.

Picha zinazotazama rangi nazo zina mengi. Peter Thejll wa Taasisi ya Hali ya Hewa ya Denmark na wenzake, kwa darubini inayojiendesha juu ya Mauna Loa, Hawaii, walipima rangi ya upande wa giza, wakachapisha 2014: ni bluu.

Mtauliza kwa nini hapa, wakati California na Hawaii wanalo anga kavu. Angalieni mahali lilipo Jua. Anayeupiga picha Mwezi asubuhi huko California anaona mwanga uliotoka Atlantiki, Afrika na Ulaya. Jioni anaona mwanga wa Pasifiki. Kila kituo kina robo yake ya Dunia. Sisi jioni tunapata Atlantiki na Amerika ya Kusini, alfajiri tunapata Bahari ya Hindi na mawingu ya kusi na kaskazi. Tena huku kwetu Mwezi hushuka karibu wima, umelala kama dau, na machweo ni mafupi. Giza linaingia hilali ikiwa bado juu. Huko Ulaya mwezi mchanga mara nyingi hubanwa karibu na upeo wa macho, ndani ya mwanga wa machweo. Unyevu wetu ni tatizo, sikatai. Mawingu ya masika ni tatizo kubwa zaidi. Hata hivyo bado nasema, kwa ukaidi ambao wenzangu wa idara wameuzoea, kwamba kamera moja ya bei ya pikipiki, ikisimama pwani hii kwa miaka 20 mikononi mwa watu wanaopokezana, itaeleza kuhusu Bahari ya Hindi jambo ambalo hakuna setilaiti ya peke yake itakayolieleza. Ombi nimeliandika upya. Sentensi ya kioo nimeinukuu ukurasa wa kwanza.

Mwezi wa leo ni wa siku ya tatu, na utazama kabla ya saa tatu usiku. Kamera iko juu ya paa, imekwisha kuelekezwa. Ngazi ni ya upande wa maktaba. Chai na mandazi viko ukumbi wa nje, kwa hisani ya idara. Watakaoanzia huko, nawaomba wanawe mikono kabla ya kupanda.