Bweni ni Amana

Alhamdulillahi Rabbil-alamin. Sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba wake wote. Amma baad.

Ndugu Waislamu, nakuusieni nyinyi, nami najiusia nafsi yangu, tumche Mwenyezi Mungu. Katika Sura An-Nisaa, aya ya 58, ametuamrisha tuzifikishe amana kwa wenyewe. Na ni amana gani iliyo nzito kuliko mtoto?

Zamani, hapa Itigi, hatari ya mwanafunzi ilikuwa njiani. Mtoto alikwenda kwa miguu, akapita vichakani, akavuka reli, na jioni mama akasimama mlangoni kumngojea. Ili kuiondoa hatari hiyo tumejenga mabweni. Leo tunawapandisha watoto wetu gari moshi au basi, wakasome Tabora, Dodoma na kwingineko, nasi tunalala tukidhani wamo salama kwa kuwa wamefungiwa.

Lakini, ndugu zangu, kufuli linalomzuia mwizi asiingie humzuia pia mtoto asitoke. Mwezi wa Juni 1994, moto uliteketeza bweni la wasichana katika Shule ya Sekondari Shauritanga, wilayani Rombo, na zaidi ya wanafunzi 40 wakafariki dunia. Agosti 2009, wasichana 12 walikufa kwa moto wa bweni huko Idodi, mkoani Iringa. Septemba 2020 msiba ukaingia katika nyumba yetu wenyewe: watoto wasiopungua 10 waliungua katika Shule ya Msingi ya Kiislamu Byamungu, wilayani Kyerwa. Mwenyezi Mungu awarehemu wote.

Wako wasemao, "Hiyo ni kadari." Naam, ajali i mkononi mwa Mungu, lakini kadari haikuwa udhuru wa mzembe hata siku moja. Nyumba ilipoungua usiku Madina pamoja na watu wake, Mtume, sala na salamu zimshukie, hakutosheka na kuwapa pole. Aliwafundisha watu kwamba moto ni adui, nao wauzime kabla ya kulala. Hiyo ni Sunna, kama zilivyo Sunna nyingine tunazozihifadhi.

Basi, enyi wazazi, mwendapo kumtazama mwanao shuleni, msiulize karo na chakula tu. Ingieni bwenini. Je, ipo milango miwili? Yafunguka kwa nje? Madirisha yenye nondo yaweza kufunguliwa na mtoto aliye ndani? Nani ana ufunguo usiku, naye hulala wapi? Watoto wanajua pa kukimbilia? Mishumaa na nyaya mbovu zimeondolewa?

Nanyi walimu na wasimamizi wa madrasa, msione haya kuulizwa. Mwenye kuweka amana ana haki ya kuitazama. Jengo la wakfu haliungui polepole kwa sababu ni la wakfu. Wekeni mchanga na mitungi ya kuzimia moto, wazoezeni watoto kutoka gizani, na jueni namba 114 ya Zimamoto. Na asiyeweza kuwalaza watoto kwa salama, asiwapokee.

Ewe Mola wetu, wahifadhi watoto wetu waendapo na walalapo, na utujaalie kuwa wachunga waaminifu. Nasema kauli yangu hii, namwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu. Amin.