Hesabu Isiyo na Kikomo: Ripoti za Uendelevu na Vibali vya Ujenzi Jijini London

Mwaka 2021 kampuni ya Marks & Spencer iliomba kibali cha kubomoa duka lake la Oxford Street, karibu na Marble Arch, na kusimamisha mahali pake jengo jipya la maduka na ofisi. Halmashauri ya Westminster iliridhia. Ndipo ugomvi ulipozuka, na urithi wa usanifu ulikuwa nusu tu ya ugomvi huo. Nusu ya pili ilihusu tarakimu iliyonukuliwa kila mahali na wapinzani: ujenzi ungetoa karibu tani 40,000 za hewa ya ukaa. Kampuni nayo ilijibu kwa hesabu zake kwamba jengo jipya, kwa kutumia nishati kidogo, lingefidia deni hilo baada ya miaka kadhaa.

Zamani halmashauri za Uingereza hazikudai hesabu kama hizi. Mwaka 2003 halmashauri ya Merton, kusini-magharibi mwa London, ilianza kuwataka wajenzi wa majengo makubwa yasiyo ya makazi waoneshe kuwa asilimia 10 ya nishati itakayohitajika itazalishwa papo hapo kutokana na vyanzo jadidifu. Wengine wakaiga, na mwaka 2008 Bunge likazipa halmashauri mamlaka ya kisheria ya kuweka masharti ya aina hiyo. Uzuri wa sharti la Merton ni kwamba hata diwani asiyejua uhandisi aliweza kuinua macho akaziona paneli za sola juu ya paa. Udhaifu wake ulikuwa humohumo: asilimia 10 ya makadirio hufuata makadirio, na anayekadiria matumizi madogo hufunga paneli chache.

Mpango wa London wa mwaka 2021 ulikaza kamba. Mradi mkubwa sharti upunguze utoaji wa hewa ya ukaa, kwenye kiwanja chenyewe, kwa angalau asilimia 35 kuliko kanuni za ujenzi zinavyodai. Kinachobaki kabla ya kufika sifuri hulipiwa. Bei elekezi ni pauni 95 kwa tani kwa muda wa miaka 30, hivyo kila tani inayosalia kwa mwaka humgharimu mwendelezaji pauni 2,850. Baada ya wenyeji kuhamia, matumizi halisi ya nishati huripotiwa kwa miaka isiyopungua mitano. Hapo ripoti ina meno.

Kwa kaboni iliyomo ndani ya saruji, chuma na vioo, mambo ni mengine. Miradi inayopelekwa kwa Meya hutakiwa kuhesabu kaboni ya maisha yote ya jengo, tangu malighafi hadi ubomoaji, na kueleza hatua zilizochukuliwa kuipunguza. Mwongozo unatoa viwango vya kulinganishia, lakini hautaji kiwango ambacho mradi ukikivuka unanyimwa kibali. Mtaalamu hufanya kazi kubwa na nzuri, kurasa zikajaa, kisha afisa mipango anabaki na namba asiyojua aifanyie nini.

Marble Arch ilianika pengo hilo hadharani. Julai 2023 waziri Michael Gove aliukataa mradi, akisoma ndani ya sera ya taifa msukumo mkubwa wa kupendelea majengo yaliyopo yatumike upya. Machi 2024 Mahakama Kuu ilitengua uamuzi wake: jaji aliona waziri ameisoma sera vibaya, kwani haina dhana nzito ya namna hiyo. Desemba mwaka huohuo waziri mpya, Angela Rayner, alitoa kibali. Swali la jengo lilikuwa lilelile. Majibu ya mawaziri yalikuwa mawili. Kuilaumu mahakama ni kukosa shabaha, maana jaji husoma kilichoandikwa.

Denmark iliamua kuandika. Tangu Januari 2023 kanuni zake za ujenzi zinataka majengo mapya yahesabiwe kaboni, na yale yanayozidi mita za mraba 1,000 yaliwekewa kikomo cha kilo 12 kwa mita ya mraba kwa mwaka, hesabu ikichukua miaka 50. Julai 2025 vikomo vilipunguzwa, vikatofautiana kulingana na aina ya jengo, na majengo madogo nayo yakaingizwa.