Kisukari Kabla na Baada ya Kupasuliwa Tumbo: Mada kwa Vijana wa Zombe



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu msomaji, mada hii niliitoa kwa vijana wetu hapa Zombe baada ya swala ya alasiri, na wahariri wakaniomba niiandike ili nawe uliyekuwa mbali uipate. Kwa hivyo ukiona naongea kana kwamba umekaa mkekani mbele yangu, ndivyo ilivyo. Mimi si daktari. Ni mwanafunzi wa chuo kikuu, nasomea lishe, na kabla ya hapo nilisoma madrasa kama wewe.

Mbona nikachagua upasuaji wa kupunguza uzito, jambo la hospitali kubwa za Nairobi, niwaletee watu wa Kitui Mashariki? Ni kwa sababu swali limeshafika majumbani. Mamangu mkubwa ana kisukari kwa zaidi ya miaka kumi, na uzito umemlemea magoti. Akasikia kwa jamaa kwamba kuna operesheni ya tumbo ukifanyiwa sukari inaondoka. Akaniuliza mawili: ni kweli? Na nikifanyiwa, Ramadhani nitafunga?

Kwanza tuondoe ile dhana kwamba huu ni ugonjwa wa matajiri. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa Kenya mwaka wa 2015 ulikuta kwamba watu wazima 27 katika kila 100 wana uzito uliozidi. Kwa wanawake walikuwa zaidi ya 38. Na katika waliopatikana na kisukari, chini ya nusu ndio waliokuwa wakijua kuwa wanacho. Fikiria hilo. Zaidi ya nusu walikuwa wakienda shamba, wakienda soko, na sukari inakula macho, figo na miguu polepole bila wao kujua.

Sasa operesheni yenyewe. Ziko za aina mbili zinazofanywa sana. Ya kwanza hukata na kutoa zaidi ya robo tatu ya tumbo la chakula, libaki kama mrija. Ya pili hutengeneza kifuko kidogo juu ya tumbo, kikaunganishwa na utumbo mwembamba mbele zaidi, chakula kikaruka sehemu ya kwanza ya utumbo. Mtu anashiba kwa kidogo. Lakini la ajabu si hilo. Sukari ya wengi huanza kushuka siku chache tu baada ya kupasuliwa, kabla hata kilo hazijapungua! Chakula kimepungua, naam, lakini pia utumbo hubadilisha homoni zake, na kongosho husaidiwa kutoa insulini wakati unaofaa. Mwaka wa 1995 daktari wa Marekani, Walter Pories, aliandika na wenzake jambo hili kwa mshangao mkubwa, maana wao walikuwa wakitibu unene, wakakuta kisukari nacho kimelegea.

Je, kinapona? Hapa ndipo wengi wanapodanganyana. Kuna utafiti wa Marekani uliofuata wagonjwa 150 kwa miaka mitano, matokeo yakatoka mwaka wa 2017. Waliofanyiwa ile operesheni ya kuunganisha utumbo, 29 katika kila 100 walifikia kipimo cha sukari cha asilimia 6 au chini yake. Waliokatwa tumbo likawa mrija, 23. Waliotumia dawa peke yake, 5. Basi operesheni imeshinda dawa, hatukatai. Lakini tazama upande wa pili: hata kwa walioshinda, walio wengi hawakufika pale. Na baadhi ya ambao sukari hutulia, hurudi baada ya miaka. Madaktari hawasemi "amepona", wanasema ugonjwa umetulia. Ni kama moto uliofunikwa majivu.

Na tena, ninazungumzia kisukari cha aina ya pili, kile cha ukubwani. Mwenye aina ya kwanza, ambaye mwili wake hautoi insulini, operesheni haimwondolei sindano. Akiiacha atakufa. Samahani kwa kusema hivyo katika mwezi wa rehema, lakini bora liumize sikio.

Anayefaa ni nani? Chukua kilo zako, ugawe kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu wa mita 1.60 mwenye kilo 90 anapata 35 na kidogo. Miongozo ya kimataifa ya mwaka wa 2022 inapendekeza operesheni kuanzia 35, na kwa mwenye kisukari cha aina ya pili inaweza kufikiriwa kuanzia 30. Kama wewe una 27 na unataka tu kuvaa nguo ya Iddi, hii si mada yako.

Wako wanaouliza, je, huku si kubadilisha maumbile ya Mwenyezi Mungu? Ustadh alitufundisha kutofautisha kujipamba na kujitibu. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na mabedui kama watafute tiba, aliwaambia watafute. Mwenye kisukari kinachomla figo yuko katika mlango wa tiba. Lakini ukiwa na shaka muulize mwanachuoni unayemwamini, usiniulize mimi.

Kabla ya kupasuliwa kuna kazi. Hupimwa ile sukari ya miezi mitatu, yaani HbA1c, kwa sababu sukari iliyo juu huchelewesha kidonda kupona na hukaribisha vijidudu. Hupimwa macho pia, maana sukari ikishuka ghafla, jicho ambalo tayari limeharibika linaweza kuzidi. Wengi huwekwa kwenye chakula chepesi kama wiki mbili ili ini lisinyae, mpasuaji apate nafasi. Na dawa zote zitajwe, moja baada ya nyingine. Dawa kama dapagliflozini na empagliflozini kwa kawaida husimamishwa siku tatu au zaidi kabla, kwa sababu mtu asiyekula akiwa amezitumia anaweza kujaa asidi kwenye damu hata kama sukari haionekani kuwa juu sana. Ukienda na karatasi ya dawa kutoka kliniki ya Zombe, usiisahau kwenye matatu.

Baada ya kupasuliwa, hatari hugeuka upande. Zamani uliogopa sukari kupanda, sasa ogopa kushuka. Mtu anakula vijiko vichache, lakini anameza glibenklamidi ile ile na kujidunga insulini kipimo kile kile. Atazirai. Kwa hivyo daktari huziondoa zile zinazoshusha kwa nguvu au kupunguza insulini sana, na mara nyingi huacha metformini. Nasema daktari. Si jirani, si mimi, wala si mgonjwa mwenyewe kwa furaha ya kuona alama 6 kwenye mashine. Wengine wakishaona hivyo hutupa dawa na daftari la kliniki pamoja, wakaja kushtukia mguu una kidonda.

Chakula huanza kwa maji maji, kisha laini, kisha cha kawaida. Protini itangulie: yai, samaki, kuku, maziwa, na sisi watu wa Kitui tumejaaliwa ndengu, zipondwe vizuri. Muthokoi usubiri, ni mgumu kwa tumbo jipya. Maji yanywewe kwa mafundo madogo mchana kutwa, si pamoja na chakula. Vitamini B12, chuma, kalisi na vitamini D ni vya maisha, si vya mwezi mmoja. Vidonge vya maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, ambavyo sisi hununua dukani kama peremende, vinaweza kumtoboa vidonda, hasa aliyeunganishwa utumbo. Na dada zetu, mimba isubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu.

Sasa tufike kwenye saumu.

Utafiti uliofanywa mwaka wa 2001 katika nchi 13, kwa wagonjwa zaidi ya 12,000, ulikuta kwamba katika Ramadhani kushuka sana kwa sukari kuliongezeka mara 7.5 kwa wenye aina ya pili. Na karibu 79 katika 100 kati yao walifunga siku 15 au zaidi. Watu wanapenda kufunga, alhamdulillahi. Lakini Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, zimempa mgonjwa ruhusa waziwazi, na ruhusa ya Mola haikataliwi kwa kuona haya mbele ya majirani.

Aliyepasuliwa, mwaka wa kwanza madaktari wengi humkataza kufunga. Hesabu mwenyewe: tumbo lisiloweza kubeba glasi ya maji kwa mkupuo litajaza vipi maji ya siku nzima kati ya magharibi na alfajiri, katika joto hili letu? Figo zitalia. Baada ya hapo wako wanaoruhusiwa, kwa kipimo na kwa dawa zilizopangwa upya. Huyo afuturu kwa tende moja na mchuzi mwepesi. Kaimati na sharubati zikiteremka haraka utumboni, moyo hudunda, jasho hutoka, tumbo huharisha, na baada ya saa moja hadi tatu sukari inaweza kuanguka.

Na hili ni la kila mwenye kisukari, aliyepasuliwa na asiyepasuliwa: kudunga kidole kupima hakubatilishi saumu, na hivyo ndivyo wanavyuoni wamesema. Ikishuka chini ya 3.9, au ikipanda juu ya 16.6, fungua. Hata kama ni saa kumi na mbili jioni na adhana imebaki dakika kumi. Iliyoshuka itibiwe kwa vijiko vitatu vya chai vya sukari ndani ya maji, upime tena baada ya dakika 15. Aliyezimia usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali.

Mamangu mkubwa nilimjibu hivi hivi. Bado hajaamua, na gharama pia ni mlima. Kwa sasa anatembea asubuhi, chapati amepunguza, kliniki haikosi.

Walioambiwa wasifunge tena maisha yao, fidia ni kumlisha maskini kwa kila siku iliyopita. Kipimo chake muulizeni imamu mapema, msingoje usiku wa Iddi, kwa maana usiku huo kila mtu anamtafuta yeye kwa ajili ya zakatul fitri.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam aleykum warahmatullahi wabarakatuh.