F ya Hisabati Isiwe Kigezo cha Kukata Ufadhili
(Maneno ya mratibu wa miradi kwenye kikao cha kamati za sharika, Moshi)



Kamati kadhaa zimependekeza kwamba kijana aliyepata F ya Hisabati kidato cha nne asifadhiliwe tena. Hoja yao tunaielewa: fedha ni kidogo, waombaji ni wengi. Hata hivyo, ofisi yetu haikubaliani nayo.

Hisabati ni somo la lazima hadi kidato cha nne, na libaki hivyo. Lakini Baraza la Mitihani halimnyimi mtu cheti kwa F hiyo peke yake. Mwaka 2023 waliofaulu somo hilo nchini walikuwa takriban robo tu. Hata vyuo vya uuguzi hudai Biolojia, Kemia na Fizikia. Hisabati huitaja kama sifa ya nyongeza. Je, sisi tuwe wakali kuliko Baraza na vyuo?

Tena tutazame kinachopimwa. Mama ananunua mkungu wa ndizi huko juu kwa shilingi 8,000, anauuza Mbuyuni kwa 10,000, na gari linamtoza 6,000 kwa safari. Anajua bila kalamu kwamba faida ya mikungu mitatu ya kwanza ni ya mwenye gari; wa nne ndio unaoanza kumlipa yeye. Hiyo ni aljebra. Binti yake amejifunza hesabu kwa Kiswahili tangu darasa la kwanza, kisha kidato cha kwanza anakutana na mlinganyo uleule kwa Kiingereza, katika darasa lililojaa, pengine bila mwalimu wa somo. Anapata F. Amepimwa nini hasa?

Jirani zetu Kenya walibishana jambo hili mwaka 2025. Hisabati ilikuwa imepangwa kuwa ya hiari sekondari ya juu. Aprili wizara yao ikairudisha kuwa lazima, ila kwa ngazi mbili, nzito kwa wanaosoma sayansi na nyepesi kwa wengine. Kwetu hiyo ni busara.

Tunaomba basi kipengele hicho kiondolewe kwenye fomu kabla haijachapwa. Na sharika zenye walimu wastaafu wa Hisabati zituletee majina yao mwezi huu. Masaa mawili kila Jumamosi yanatosha kuanzia. Nauli na chaki ofisi italipa.